Mjane wa Rubani

Mtaa mzima ulimwita Daktari, ilhali hakuwahi kumdunga mtu sindano. Alikuwa msusi, mpaka siku alipomsindikiza mteja wake kwenye usaili wa waigizaji wa tamthilia ya televisheni. Mteja akakosa, yeye akarudi na kazi. Tangu hapo akawa daktari wa chombo cha anga kinachokwenda sayari ya mbali, na humo ndani watu walipendana, walifumaniana na kunyang'anyana urithi kana kwamba hawajawahi kuiacha dunia.

Chombo chenyewe kilikuwa ndani ya ghala la zamani la saruji. Kuta zilikuwa mbao zilizopakwa rangi ya fedha, vitufe vilikuwa vizibo vya chupa, na nyota zilikuwa matundu kwenye turubai jeusi lenye taa nyuma yake. Kamera ikiwashwa, feni zilizimwa kwa sababu ya kelele, na wasafiri wa anga wakatota jasho. Mwongozaji walimpa jina la Kata, kwa kuwa neno hilo la kusimamisha kamera lilimtoka mdomoni mara nyingi kuliko salamu.

Kisha mume wa Daktari akafariki. Alikuwa fundi majokofu. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya jokofu la mteja, akasema anasikia kizunguzungu, akaketi chini, basi. Daktari alipewa habari akiwa bado amevaa koti jeupe la kazini. Akaitikia, "Haya," kama mtu aliyeambiwa maji yamekatika.

Alizika. Alipokea pole, akapika, wageni wakala na kuondoka. Hakulia. Wala hakuwa amejikaza. Alikingoja kilio kama mtu anavyoingoja chafya, nacho hakikuja. Nyumbani wakabaki wawili, yeye na mama mkwe wake, kila mmoja akipita kando ya mwenzake taratibu kama watu walio kwenye chumba cha mgonjwa.

Aliporudi kazini, Kata alimvuta pembeni.

"Dada, si upumzike kwanza?"

"Nipumzike nifanye nini?"

Kata akajikuna shingo. Ilikuwa hivi: Rubani, mume wake wa kwenye tamthilia, alikuwa amepata kazi kwingine, na mwandishi alishamwandikia kifo. Angetoka nje ya chombo kutengeneza antena, kamba ikatike, aelee mpaka apotee, huku mkewe akizungumza naye redioni.

"Tunaweza kubadilisha," Kata alisema akitazama viatu vyake. "Tumfanye tu atoroke na mwanamke mwingine."

"Acheni ilivyo."

Wakamning'iniza Rubani darini kwa mikanda. "Mke wangu, unanisikia?" akaita.

"Nakusikia."

Mwandishi alikuwa ameandika kwamba hapo Daktari alie kwa uchungu. Walimpaka dawa ya mafua chini ya macho. Macho yakawa mekundu, machozi hata tone.

"Dada, kidogo tu," Kata alibembeleza. "Hata kwikwi."

"Haitoki."

Walirudia na kurudia, mpaka Rubani akalalamika kule juu kwamba mikanda inamkata mapaja. Wakaipitisha ilivyo, Daktari akiwa na macho makavu, ameshika redio, akiitikia, "Nakusikia, nakusikia," hata baada ya sauti ya mume kuzima.

Jioni sehemu hiyo iliporushwa hewani, Daktari alikuwa sebuleni anachambua mchele. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi mbele ya televisheni kama kawaida yake, alianza kutikisika mabega. Kisha akaangua kilio, kile ambacho hakukitoa hata siku ya kumzika mwanawe. Daktari akaweka sinia chini, akamletea kitambaa.

"Alikuwa anaongea," mama mkwe alisema katikati ya kwikwi. "Mwenzake alipata kuongea naye."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe mwanangu, mbona hulii?"

"Sijui, mama. Hakuna kitu humu ndani."

Mama mkwe akampisha nafasi kwenye kochi, wakakaa pamoja mpaka matangazo yakaisha na taarifa ya habari nayo ikaisha.

Kesho yake sokoni muuza nyanya alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, Daktari. Rubani alikuwa mwanamume wa haki." Muuza mkaa naye akatoa pole, na dereva wa lori akashusha kioo. Aliwajibu wote, "Asante, tumeshapoa." Hakumsahihisha mtu. Pole ni pole, na zile nyingine zilikuwa zimeshakwisha.

Watazamaji hawakukubali. Walipiga simu kituoni wakitukana. Na kazi ya Rubani huko alikokwenda ikaota mbawa. Mwandishi akakuna kichwa, akaona njia: Rubani aliokotwa na chombo kingine, yu hai.

Siku ya kurekodi, mlango wa chombo ulifunguliwa kwa moshi mwingi, Rubani akaingia na ndevu za bandia. Daktari alipaswa kupiga ukelele, akimbie, amrukie shingoni. Hakukimbia. Alimtazama tangu utosini hadi kwenye viatu.

"Umekula?" akamuuliza.

Swali hilo halikuwamo kwenye maneno aliyokariri Rubani. Machozi yakamtoka yeye, ya kweli, yakalowesha ndevu za gundi. Kata hakusema kata.

Walipomaliza, Rubani alimfuata Daktari kwenye chumba cha kubadilishia nguo. "Dada, nisamehe. Nimerudi mimi."

"Si kosa lako," alisema, akifungua vifungo vya koti. "Ndevu zinakuning'inia."

Jioni alimkuta mama mkwe akimenya viazi. Habari ilishamfikia, majirani hawana subira.

"Kwa hiyo wao wamerudishiwa."

"Wamerudishiwa, mama."

Mama mkwe akamenya kiazi hadi mwisho, ganda moja refu. "Na kesho mna nini?"

"Harusi. Fundi mitambo anamwoa dada yake Rubani."

"Yule mlevi?"

"Huyo huyo."

"Mwambie asikubali," mama mkwe alisema, akampa kisu, naye Daktari akavuta kigoda akaanza kumenya.