Stika ya Kadi ya Picha

Video ya ufunguzi wa duka jipya la shemeji yangu iligoma kwenye laptop zote alizopanga mezani. Zote, kwa mpigo, mbele ya wateja.

Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nacheka kimoyomoyo. Video ile niliitengeneza mimi.

Ngoja niwape mkasa wenyewe.

Kazi yangu ni kukata video. Harusi, matangazo, mahafali, leta tu. Nilipotaka laptop mpya sikwenda mbali, maana mume wa dada yangu anauza kompyuta. Nikamwambia wazi:

"Shem, nataka yenye kadi ya picha ya peke yake. Isiyo nayo inaibebesha prosesa mzigo wote, video inakatakata."

Akanionyesha stika inayong'aa pembeni ya kibodi. "Si hii hapa? Huyu mnyama!"

Dada alikuwa kaunta. "Chukua, mdogo wangu. Hapa uko nyumbani."

Nikachukua.

Wiki hiyohiyo nikaitwa usaili kwenye kituo cha televisheni, kazi niliyoiota tangu nikiwa chuo. Mkuu wa wahariri akanipa video nzito. "Kata hapahapa, kwa mashine yako. Naangalia."

Nikabonyeza. Picha ikasogea, ikasimama. Sauti ikatangulia, midomo ikafuata baadaye. Mwisho skrini ikaganda kabisa.

"Umeshindwa kuchagua kifaa chako, utatuchagulia nini sisi?" akasema, akaita mwingine.

Nililia kwenye ngazi za jengo lile bila aibu.

Nyumbani ndipo nikafungua mipangilio ya mashine. Kadi hakuna! Ilikuwamo ile ndogo ya ndani ya prosesa tu. Stika nikaikwangua kwa ukucha, ikatoka na gundi yake.

Nikarudi dukani moto. Shemeji akanicheka mbele ya watu. "Hujui kutumia, unasingizia mashine!"

Dada akanivuta pembeni. "Achana naye. Si unawajua wanaume na biashara zao?"

Nikaondoka. Lakini shemeji nikamweka kiporo.

Haukupita muda, akafungua duka la pili. Akanipigia bila haya: "Shem, nitengenezee video ya ufunguzi. Icheze kwenye laptop zote, watu waone nguvu ya kadi zetu."

"Ondoa shaka, shem," nikasema, sauti asali tupu.

Niliitengeneza kwa moyo wote, ikawa nzuri kweli. Kisha nikaitoa kwa ubora wa juu kabisa, ule ambao mashine yenye kadi inaucheza bila jasho na isiyo nayo inakata roho.

Siku ya siku akabonyeza. Yaliyotokea mnayajua.

"Video mbovu hii!" akafoka.

Nikasimama, nikachomeka flashi kwenye laptop niliyoazima kwa rafiki, yenye kadi ya kweli. Video ikatiririka mwanzo mpaka mwisho.

"Video ni nzima," nikawaambia wateja. "Kwangueni hizo stika muone."

Wakakwangua! Stika zikabanduka moja baada ya nyingine. Huyu anapiga kelele, yule ametoa simu anarekodi. Nilisikia raha mpaka kwenye mifupa, sitawadanganya.

Halafu nikamwona shemeji. Wala hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameshika stika kiganjani, anamtazama mke wake.

"Uliniambia zinakuja nazo kutoka kiwandani," akasema polepole. "Mzigo wote unapokea wewe, na pesa za mashine zenye kadi nakupa wewe."

Dada akausukuma mkoba wake chini ya kaunta kwa mguu. Shemeji akauwahi. Ndani mlikuwa na karatasi ya stika, nusu zimeshabanduliwa.

Nikamgeukia dada.

"Hata mimi, dada? Mdogo wako?"

"Wewe ndiye sikuwa na wasiwasi naye kabisa," akajibu. "Nilijua hutakagua."

Shemeji nimemwomba radhi, ingawa kile kicheko chake bado kinanikera. Dada sijamsamehe, na msije kuniambia habari za damu moja.

Kwa hiyo ndugu zangu, mkienda kununua laptop ya video, stika msiisome. Washa mashine, fungua mipangilio, tafuta jina la kadi, kisha cheza video nzito mpaka iishe. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Na akiwa ni ndugu yako, kagua mara mbili.