Idadi ya Ng'ombe wa Ngassa

Zipora alipochaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mumewe Ngassa alicheka mpaka akakohoa. "Sasa nyumbani kwangu itabidi ninyooshe mkono ndipo niongee," alisema. Zipora ni mama wa miaka hamsini na mbili, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mbuga, na kwa miaka thelathini alibeba maji kichwani kutoka lambo alilochangia na ng'ombe, mbwa na bata. Kusema na watu wazima hakukumtisha hata kidogo.

Maji yalikuja kwa ushirika. Kampuni moja ya dhahabu upande wa Bugarama ilitoa fedha na mtambo wa kuchimbia, shirika moja la maji likaleta wataalamu, na wanakitongoji wakachimba mitaro kwa majembe yao. Wakapata kisima kirefu, pampu ya jua, tangi juu ya mnara na bomba tatu. Siku ya kwanza bibi mmoja aliyaonja, akayatema, akasema hayana ladha. Mpaka leo anadai chai ya maji ya lambo ilikuwa na rangi nzuri hata kabla ya kutia majani.

Hapo palibaki kasoro moja, na lawama tusiitupe mbali, ni ya wenyewe. Kabla ya kuchimba, Safiya, binti wa lile shirika anayeishi Kambarage pale Shinyanga mjini, alipita nyumba kwa nyumba na daftari akiuliza: mna ng'ombe wangapi? Jamani, Msukuma unamuulizaje idadi ya ng'ombe wake? Ukiwataja kwa idadi mbele ya mgeni umewaitia mkosi, na anayeandika leo kesho anarudi na kodi. Kwa hiyo Mwigulu, ambaye ng'ombe wake wakitoka zizini vumbi halitulii mpaka saa nne, alisema anao wanne. Jirani yake alisema hana kabisa, huku ndama anamlamba shati. Ngassa alisema anao "wa kujikimu." Safiya akajumlisha kitongoji kizima akapata ng'ombe thelathini na mmoja. Sasa kwa ng'ombe thelathini na mmoja nani ahangaike kujenga mbauti, lile birika refu la saruji la kunyweshea mifugo? Zikawekwa bomba za watu, basi.

Kiangazi kikaingia, lambo likakauka. Ng'ombe wakanusa maji, wakaja, na hawakuwa thelathini na mmoja. Walivunja koki mbili na kuacha samadi pale wanawake wanapotua ndoo. Fundi akatengeneza, wakavunja tena. Wanawake wakaanza kwenda kufukua mchanga kwenye mto mkavu, na Zipora alipowaona wakipita na vibuyu vyao hasira ilimpanda mpaka machozi yakamlenga.

Akampigia Safiya simu.

"Shikamoo, Mama Aneth."

"Marahaba, mwanangu. Tunaomba mbauti, ng'ombe wanatumaliza."

Safiya akamweleza bila kuficha. Kampuni na shirika walikuwa na uwezo wa mbauti moja tu mwaka huu, na kitongoji kingine kilishaiomba. "Karatasi zangu zinasema mna ng'ombe thelathini na mmoja, mama. Alhamisi nakuja na mhandisi wa kampuni. Kila mwenye ng'ombe aseme idadi yake mwenyewe, wa nyumbani na waliopelekwa malisho ya mbali, maana nao watarudi wakisikia kuna maji. Halafu tutakagua. Wasiposema, mbauti inakwenda kwa wenzenu."

Jioni ile Zipora akawakusanya wanaume. Aliongea, wao wakaangalia kandambili zao. "Mficha uchi hazai," aliwaambia, wakazidi kuinama. Mwishowe Mwigulu akamwita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, Ngassa akitaja wake, na sisi tutataja." Wote wakaitikia, maana Ngassa ndiye aliyeheshimiwa kwa mifugo. Tisa wa maziwa walikuwa nyumbani, na watu wote walijua kundi kubwa, karibu mia, lilikuwa kwa mdogo wake huko Nyang'hwale. Kila mwezi alifunga safari kwenda huko. Palipopangwa mahari, neno lake ndilo lililofunga mazungumzo.

"Ng'ombe wa mtu ni siri yake," Ngassa alimwambia mkewe walipofika nyumbani.

"Siri yako inatunywea maji," Zipora alimjibu. Akamwita mchoyo, akamwita mshirikina, na kwa siku tatu akamwekea ugali bila neno.

Alhamisi wakakutana chini ya tangi. Safiya alisalimia, akaeleza, akampa Zipora kalamu kama mwenyekiti. Mhandisi akatazama saa yake. Mwigulu akamtazama Ngassa, na Ngassa akatazama mbuga. Safiya alikuwa ameshaanza kufunga daftari Ngassa aliposimama na kuvua kofia.

"Andika tisa."

Watu wakacheka. "Hao ni wa maziwa," Mwigulu alisema. "Taja na wa Nyang'hwale, mzee."

"Nyang'hwale hakuna kitu. Walikufa wote na ukame wa mwaka juzi, themanini na wanne. Nikienda kule huwa namsalimia mdogo wangu tu, narudi. Andika tisa."

Hakuna aliyecheka tena. Zipora aliona aibu iliyomchoma kuliko maneno yote aliyowahi kuambiwa na mtu. Kila mwezi alimfungia mtu huyu viazi vya njiani, akamwagiza asisahau kumwangalia yule jike mwekundu, naye alikuwa anaitikia. Akaandika tisa. Ile tisa ikatoka vibaya.

Ndipo Mwigulu akainuka. "Mia mbili na sita," alisema, kama mtu anayeungama kanisani. Mwenye ndama akafuata na hamsini na watatu. Walipokwisha, Safiya alijumlisha akapata mia saba na kitu, akamwonyesha mhandisi karatasi ya mwanzo, na mhandisi akacheka mpaka akakaa chini. Mbauti ikawa yao, kazi kuanza Jumatatu mazizi yakishakaguliwa.

Zipora alimwachia Safiya kalamu, akamfuata mumewe aliyekuwa amesimama pembeni peke yake.

"Mbona hukuniambia, Baba Aneth?"

Ngassa aliichezea kofia yake. "Nilikuoa kwa ng'ombe ishirini na wanne," alisema. "Niliona haya kukwambia kwamba leo nisingekupata."

Zipora alitaka kumcheka, akajikuta analia. Akamshika mkono pale pale mbele ya kitongoji kizima, na Mwigulu, aliyekuwa anakuja kumpa pole, akageuka akashika njia nyingine.