Majina Kumi na Mawili

Kozi yenyewe ilikuwa ya wiki sita pale Mbulu mjini. Nilirudi nyumbani Maretadu na cheti, daftari lililojaa, na kiburi cha kutosha kijiji kizima. Nilikuwa katekista kijana, bado sijaoa. Mama alinipikia makande, akaniuliza nimefundishwa nini huko, nami nikamweleza mpaka chakula kikapoa.

Nilimweleza kwamba maandiko ya kwanza kabisa ya Wakristo hayakuwa vitabu. Yalikuwa barua. Zilibebwa na wasafiri, zikasomwa kwa sauti katika nyumba za watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Injili zilikuja baadaye. Kwa miaka mingi habari za Yesu zilitembea mdomoni tu, kwa mama wa nyumbani, kwa mtumwa, kwa mchuuzi, kila mmoja akizisimulia kwa maneno yake. Wale waliomwona kwa macho walipoanza kufa, ndipo watu wakaona afadhali ziandikwe. Ndiyo maana tunazo Injili nne, na hazisemi kila jambo kwa namna moja. Padri mzee aliyetufundisha alipiga meza kwa kiganja alipofika hapo. "Wangetaka zilingane, wangebaki na moja!" Niliiandika sentensi hiyo nikaipigia mstari mara mbili.

Mama alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya, sasa kula."

Mwaka huohuo nilitumwa Dirma, kule chini Hanang. Ndio wakati mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha ukaitwa Manyara, na watu vilabuni wakawa wanagombana makao makuu yawe wapi, utadhani kuna mtu angewauliza. Mimi mtoto wa milimani, niliyezoea ukungu na mahindi na maharage, niliiona Dirma kama nchi nyingine. Vumbi, upepo na ng'ombe. Familia chache za wakulima wa kwetu zilikuwa zimeshuka huko, lakini wenyeji hasa walikuwa Wadatoga, wafugaji, na wengi wao hawakuwa na haja na kanisa letu la udongo na bati.

Mwanamke mmoja alikuwa na haja. Alikuja Jumamosi ya kwanza amevaa sketi ya ngozi, bangili za shaba zimejaa mkono, na binti wa miaka kama minne amemshika kidole. Alikuwa mke wa mtoto wa pili wa mzee mwenye boma kubwa kuliko yote pale. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, kifupi, lakini kilifika.

"Shikamoo, mwalimu. Nataka ubatizo. Mimi na huyu."

Nilimwuliza kwa nini. Alisema, "Nimezika wawili. Huyu nataka Mungu amjue."

Sikuwahi kuwa na mwanafunzi kama yule. Hakujua kusoma, kwa hiyo alisikiliza kwa mwili wote. Nilipofundisha yale ya barua na Injili, aliinua mkono. "Hao wa kwanza, kabla ya kitabu, walijuaje?"

"Walisimuliana."

"Kama sisi."

"Kama ninyi," nilisema, nikajiona mwalimu hodari.

Kwaresima ilipokaribia kwisha alinisubiri nje baada ya somo. Malisho yalikuwa yamebana. Nchi nzuri kule Hanang ilishaingia kwenye mashamba makubwa ya ngano, na mvua ya mwaka ule ilikuwa ya kubahatisha. Boma lao lingehama baada ya Pasaka, upande wa Singida, mahali ambapo hapakuwa na kanisa wala katekista. "Tukienda hatutarudi upesi," aliniambia. "Basi iwe Pasaka hii." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, maana ya kwake yote anayajua. Naikumbuka ahadi ile vizuri kuliko ningependa.

Padri alikuja kwetu mara mbili kwa mwaka, akabatiza wale ambao mimi niliwapitisha. Mtihani ulikuwa wangu. Wakakaa kumi kwenye mabenchi, nikawaita mmoja mmoja mbele ya wenzao. Yeye alisema sala zote. Alisema amri zote. Nikamwambia ataje mitume kumi na wawili.

"Yule mvuvi mkubwa," alianza, kisha akawataja wengine kumi na mmoja bila kukwama.

"Huyo wa kwanza anaitwa nani?"

"Yule mvuvi mkubwa."

"Jina lake."

Alitazama sakafu. Halafu, badala ya jina, akaanza kusimulia. Alisimulia mashua, nyavu zilizojaa, miguu iliyotembea juu ya maji ikaanza kuzama. Alisimulia moto wa uani, na mtumishi wa kike aliyemwuliza swali, na jogoo alivyowika, na yule mvuvi alivyotoka nje kulia. Padri wetu mwenyewe hakuwahi kusimulia namna ile. Sasa naliona hilo. Siku ile niliona mtu anayezungukazunguka ili nisahau swali langu, na hasira ikanipanda.

"Mtume wa kwanza kabisa humjui jina?"

Mama mmoja mkulima, mtu mzima aliyekaa benchi la mbele, alisema taratibu, "Mwalimu, huyu ni mkwe wa watu..."

"Hakuna kusaidiana!" nilimkata. Yeye aliyenizidi umri kama mama yangu.

Yule mwanamke aliinua uso. "Mwalimu, niliyemsimulia ni huyohuyo."

"Utarudi mwakani."

"Mwakani sipo."

Alimfunga mtoto mgongoni kwa kitambaa, akatoka. Hakununa wala hakulia, na mimi nikaita jina linalofuata. Pasaka padri alibatiza tisa, akanisifu kwa kuwafundisha vizuri.

Kama mwezi ulipita. Yule mama mkulima akaniletea maziwa nyumbani, akayaweka mezani, lakini hakukaa. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia jambo ambalo Dirma nzima ililijua isipokuwa mimi. Kwa Wadatoga, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki hata kama ni la mtu mwingine aliyeitwa hivyo. Atazunguka, atatafuta neno jingine, lakini jina hilo halitoki kinywani mwake.

"Na yule mzee wa boma," alisema, "jina lake unalijua?"

Sikulijua. Nilimwita mzee, kama kila kijana alivyomwita. Basi nikaambiwa. Enzi za ujana wake mzee alijeruhiwa na nyati, akalala miezi hospitali ya misheni. Manesi wakashindwa kutamka jina lake la kwao, wakamwandika kwenye cheti jina la yule mtume wa kwanza. Mwenyewe akalipenda. Alirudi nalo nyumbani, likamshika mpaka uzeeni, na kanisani hakuwahi kukanyaga hata siku moja.

"Ulitaka amtukane baba mkwe wake mbele ya watu ndipo umpitishe?" mama yule aliniuliza. "Kuuliza si ujinga, mwalimu. Ungeuliza."

 Nilisikia aibu ya kuungua masikioni. Niliazima baiskeli nikaenda mpaka bomani, njia ya saa moja na nusu, nikikazana kana kwamba mwezi mzima haujapita. Nilikuta uzio wa miiba umefunguliwa, samadi imekauka, na majivu mahali pa nyumba. Nikakaa pale mpaka jua likapoa. Kozi nzima nilifundishwa kwamba habari hii ilifika kwetu kupitia watu wasio na kitabu, kila mtu na maneno yake, na mimi nikaipigia mistari. Kisha akaja mtu wa namna hiyohiyo, nikamfelisha.

Miaka ilikwenda. Nilioa, mvi zikaota, simu zikafika, bodaboda zikajaa njia za Dirma. Orodha ya mitume sikuiuliza tena kwenye mtihani, na nadhani wengine waliona nimezeeka nikalegea. Sikumweleza mtu sababu.

Mwaka juzi bodaboda moja ilimshusha msichana mlangoni pangu, bangili za shaba mkononi, mtoto mchanga kifuani. Ukoo wa lile boma ulikuwa umerudi. Aliniamkia, akasema anataka kuandikishwa darasa la ubatizo. Nilimwuliza anajua nini kuhusu Yesu, swali ninalowauliza wote, na kwa kawaida jibu ni fupi.

Alisimulia kama saa nzima. Alipofika kwenye mashua akasema, "Yule mvuvi mkubwa," nami nikaweka kalamu chini.

"Huyo mvuvi anaitwa nani?" Niliuliza kwa sauti ndogo kadiri nilivyoweza.

"Sijui. Mama hakumtaja jina. Kule tulikokuwa, watoto wote wanamwita hivyo. Mama alikuwa anatusimulia jioni tukimaliza kukamua." Akaniangalia kwa wasiwasi. "Nimekosea?"

"Hujakosea. Mama yuko wapi?"

"Alifariki. Mwaka ule wa ukame mkubwa."

"Alibatizwa?"

"Na nani?" alisema. Hakuwa na shari. Aliuliza tu.

Nilimwandika yeye na mtoto wake. Alipoondoka nilishusha daftari la zamani kutoka juu ya kabati, nipate jina la mama yake, nimpe padri amwombee kwenye misa ya marehemu. Nilipitisha kidole ukurasa wa mwaka ule, nikaupata mstari wake. Palipotakiwa jina, nilikuwa nimeandika: Mke wa mtoto wa pili, boma la mzee. Kwenye safu ya maoni, kwa mwandiko wangu mzuri wa kozi, nilikuwa nimeandika: Hajui majina.