Kiungo wa Maktaba na Goti la Mama Mkubwa

Bi Mkutubi aliponipa kazi ya kuandika ukurasa wa kuitambulisha timu yetu, nilidhani amenionea huruma. Timu ina watu wanne. Kila mtu picha moja na sentensi mbili, basi. Nikajiambia nitamaliza kabla chai haijapoa. Chai ilipoa, ikamwagwa, kikombe kikaazimwa na mtu ambaye hajakirudisha hadi leo, na ukurasa ulikuwa bado una sura tatu na kivuli.

Sisi ni wanafunzi tunaotunza tovuti ya maktaba ya chuo. Mtu anayetafuta mitihani iliyopita, tasnifu za waliotutangulia au vitabu vya bure anaingia humo, anabonyeza, anapata. Akipata hatusikii kitu. Asipopata tunasikia mara moja, na kwa maneno makali. Chumba chetu kiko nyuma ya rafu za magazeti, mahali ambapo zamani vitabu vilikuwa vikijalidiwa. Gundi iliisha miaka mingi iliyopita lakini harufu yake bado inakuja kazini kila siku. Meza imejaa alama za visu, na kati ya viti vyetu kimoja kinayumba, kwa hiyo ndicho tunachowapa wageni.

Mwenzetu mmoja tunamwita Rangi. Yeye ndiye anayepanga sura ya tovuti, na alitumia muhula mzima kutafuta buluu isiyopiga kelele, akaishia kuirudia ileile ya mwanzo na kutuambia sasa imetulia. Mwingine ni Nukta, msahihishaji. Ukimtumia ujumbe wa kumpongeza siku yake ya kuzaliwa, anakurudishia ukiwa na mkato uliousahau. Mimi wananiita Msemaji, na sababu mnaiona.

Na kivuli, yule aliyekosa picha, ni Kiungo.

Jina lenyewe limetokana na kazi yake. Kwenye tovuti, kiungo ni yale maneno unayobonyeza yakakupeleka ukurasa mwingine. Ukurasa huo ukihamishwa au ukifutwa na wenyewe, kiungo kinakufa: unabonyeza, huendi popote. Kazi ya Kiungo ni kuvitafuta vilivyokufa na kuvifufua. Ipo programu inayoweza kumsaidia, lakini yeye haiamini hata kidogo. “Hiyo programu ikiona mlango unafunguka inasema mzima,” huwa anatuambia. “Mimi nikiingia nakuta wanauza viatu.” Kwa hiyo anavifungua kimoja kimoja kwa mkono, na akikuta ukurasa umehama anawaandikia wenyewe barua ya heshima kabisa, ya kuwajulia hali, kisha kuwauliza wamehamia wapi.

Asubuhi anaingia na mkoba kifuani, anafuta kibodi kwa leso, anakaa, anabonyeza weee, halafu unamsikia anashusha pumzi.

“Poleni jamani,” anasema.

“Nani tena?” tunauliza.

“Tasnifu ya mambo ya udongo. Imetutoka usiku.”

Kiungo kinachochelewa kufunguka, kwake ni mahututi. Kilichorekebishwa nusu kimepata nafuu. Mwanzoni tulidhani ni utani wake tu. Kumbe aliingia chuoni kusomea uuguzi. Siku ya kwanza ya mazoezi wodini alipewa kidonda akisafishe, akakiona, akaanguka. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyemdaka. Mara ya pili mgonjwa alikuwa ameshaonywa, akakaa tayari. Baada ya hapo mwalimu wake alimwita pembeni akamshauri kwa upole ajaribu fani ambayo haina damu, naye akahamia ukutubi. Uuguzi aliuacha, maneno ya uuguzi akaondoka nayo.

Mama yake hakuambiwa.

Huyo mama ni fundi cherehani. Binti alipopata nafasi ya uuguzi, alimshonea sare mbili nyeupe kwa mkono wake, pindo refu la kuachia endapo ataongezeka kimo, wakati msichana alikuwa ameshakoma kurefuka zamani. Kiungo alizivaa wiki chache. Baada ya hapo alizikunja akaziweka chini ya sanduku. “Nikifungua sanduku natazama pembeni,” alituambia siku moja. “Nitamwambiaje kwamba alishona bure?”

Basi akawa hamwambii. Lakini Kiungo hajui kudanganya, akijaribu masikio yanamwasha. Akaamua kusema kweli tupu na kuacha kweli hiyo ijipeleke yenyewe. Simu zao tulikuwa tunazisikia zote, maana humo chumbani mtandao unashika dirishani tu, na mama yake anaongea kama mtu anayeita ng'ambo ya barabara.

“Umeshindaje, mwanangu?”

“Salama, mama. Kazi nyingi tu. Leo viungo vilivyokufa vilikuwa vingi.”

“Mungu wangu! Umeviweza?”

“Nimevifufua karibu vyote. Kimoja ndiyo kimenishinda. Kilikufa zamani sana, hakuna aliyegundua.”

“Na mwenyewe anasemaje?”

“Mwenyewe nani, mama?”

“Si mwenye hicho kiungo!”

“Aa. Nimemwandikia barua, hajajibu.”

“Masikini! Atajibuje na kiungo kimeshakufa?”

Rangi alikimbilia nje kucheka. Kiungo alikata simu akabaki ameegemea dirisha, anatazama baiskeli za watu zilizofungwa kule chini. Nilipomwangalia vizuri nikaona hacheki. Huko nyumbani, alituambia, mama yake ameshautangazia mtaa mzima kwamba binti yake anafufua viungo, kila anayekuja kupimwa nguo anapewa habari hiyo bila kuuliza. Na kadiri sifa zilivyopanda, ndivyo kuzishusha kulivyozidi kuwa kugumu.

Ndiyo maana alikataa picha. Tovuti inaonekana popote, na mdogo wake wa nyumbani ana simu. Siku mama akiuona uso wake chini ya maneno “timu ya maktaba”, mambo yote hadharani. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamwandikia sentensi tatu tofauti za kumsifu. Akaendelea kubonyeza viungo vyake. Bi Mkutubi alisema ukurasa utoke Jumatatu hata kama mmoja hana picha, ila asiye na picha asije kulalamika kwamba kazi yake haijulikani. Jumatatu ukatoka. Rangi anatabasamu, Nukta amenuna kidogo, mimi nimefumba jicho moja. Wa nne alikuwa duara la kijivu lisilo na macho. Chini yake sikuandika chochote, kwa sababu nilikuwa nimekasirika.

Ilipofika Jumatano, kabla ya saa ya chakula, mlango ulibishwa. Mlinzi wa lango alitangulia kuingia, akifuatwa na wanawake wawili. Wa kwanza alikuwa na futi ya kupimia shingoni, nadhani alisahau kuivua alipotoka nyumbani. Wa pili, mkubwa zaidi, alikuwa anatembea upandeupande huku ameshika kuta.

“Kiungo, una wageni,” alisema mlinzi, akaenda zake.

Sijawahi kuona mtu akisimama haraka vile. “Mama! Mama mkubwa!” Akawaamkia wote wawili.

“Tumezunguka shule ya uuguzi nzima,” mama yake alisema. “Hakuna anayekujua! Nikasema mwanangu wamemwibia jina. Nimekaribia kulia pale. Basi dada hapa akamwambia yule mlinzi, tunamtafuta binti anayefufua viungo. Akasema, 'Si mngesema mapema! Yule yuko maktaba.'”

“Nikasema sawa,” mama mkubwa aliongezea, “siku hizi wanatibia popote.” Akajitupa kwenye kile kiti kinachoyumba, kikayumba, akatulia nacho, akapandisha khanga hadi juu ya goti. “Haya, mwanangu. Anza.”

Rangi alijificha nyuma ya kompyuta yake. Nukta, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na la kusahihisha.

Kiungo alipiga magoti sakafuni. Kwa muda mfupi niliamini kabisa kwamba atalitibu, maana alilishika lile goti kwa mikono miwili kama mtu anayejua. Kisha akainamisha kichwa.

“Mama mkubwa, siwezi.”

“Leo umechoka?”

“Siwezi siku yoyote.” Akamgeukia mama yake akiwa bado chini pale pale, akayasema yote: kidonda, kuanguka, mgonjwa aliyemdaka, sare zilizo chini ya sanduku, na viungo ni nini hasa. Hakujitetea hata mahali pamoja. Alipomaliza, masikio alikuwa hajayakuna hata mara moja.

Mama yake alivua futi shingoni, akaikunja, akaikunjua. Macho yake yakaenda kwenye skrini yangu, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa kwenye ule ukurasa wetu. Akasogea karibu. Akamtazama Rangi wa kwenye picha na Rangi aliyejificha, akamtazama Nukta, akanitazama mimi na jicho langu moja. Kidole kikasimama kwenye duara la kijivu.

“Na huyu?”

Rangi aliinama zaidi nyuma ya kompyuta.

“Ni mimi, mama,” alisema Kiungo.

“Mbona huna uso?”

“Nilikuwa nakuogopa. Ukiuona tu ungejua.”

Nilitegemea ukali. Ukali tungeuweza, tungesimama upande wa mwenzetu. Lakini mama alikaa kwenye ukingo wa meza yetu na midomo ikaanza kumcheza. “Wenzako wana sura,” alisema. “Mwanangu amekaa katikati ya watu bila sura, kisa mimi.” Hilo la kuhama masomo hakuligusa kabisa.

Kisha alijifuta kwa ncha ya mtandio. “Hebu kifufue kimoja nione.”

Kiungo alikaa kwenye kompyuta yake. Akatafuta kilichokufa, akabonyeza, ukurasa ukasema haupatikani. “Unaona, mama? Mtu anakuja kusoma, anakuta hivi, anaondoka.” Akawasaka wenyewe, akakuta wamehamishia tasnifu mahali pengine na hawakumwambia mtu. Akaichukua anwani mpya, akaiweka, akabonyeza tena. Kurasa zikafunguka moja baada ya nyingine, michoro na majedwali.

“Ndiyo imepona?”

“Imepona.”

“Na hukuanguka?”

“Sikuanguka, mama.”

Mama alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama fundi anavyoitazama nguo aliyomvalisha mtu. “Basi,” alisema. “Zile sare niletee. Kitambaa bado kizuri, zitatoka blauzi mbili. Utazivaa humu humu.”

Kiungo akalia hapo sasa, na tukamwacha alie.

“Mkimaliza,” alisema mama mkubwa, “kuna mtu hapa na goti lake.”

Tulimwitia daktari wa zahanati ya chuo, akamwandikia dawa ya kuchua na akamkataza ngazi. Lakini kabla ya wao kuondoka, mama alitaka picha. Alimsimamisha binti yake dirishani, akachomoa pini kifuani kwake akamkaza kola, akamfuta mashavu. Rangi akapiga. Yakabaki maandishi. Nikawasomea zile sentensi zangu tatu za kusifu, mama mkubwa akazikataa zote.

“Andika anafufua viungo vya tovuti. Halafu andika magoti hapana. Mtaani wameshaambiwa, watakuja.”

Nukta aliuliza kama kati ya tovuti na magoti angependa mkato au nukta. Mama mkubwa akamjibu aweke chochote kinachokwenda haraka.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo hadi leo, ukifungua ukurasa wetu: binti mwenye kola iliyokazwa, macho bado yana maji kidogo, na chini yake, “Kiungo hufufua viungo vilivyokufa kwenye tovuti ya maktaba. Magoti hapana.” Bi Mkutubi alitaka kuifuta sentensi ya pili. Tulikataa wote wanne.

Wiki iliyopita alikuja mwanamke mmoja ambaye hatumjui, akauliza yuko wapi binti wa viungo. Nikamuuliza amepajuaje hapa. Akasema fundi wake wa nguo ana ile picha kwenye simu, na hakuna anayetoka pale kupimwa bila kuonyeshwa, atake asitake. Nikamkalisha kwenye kiti chetu cha wageni, nikamgeuzia skrini asome mwenyewe ile sentensi ya pili.

Akaisoma taratibu, akaelewa, akatikisa kichwa. Akasema hilo yeye halimhusu, yeye ni bega.