Koo Langu Lilikuwa Zima

Mwanangu, nakumbuka vizuri ile Jumapili niliyoketi kiti cha nyuma kanisani hapa Tawa, bila sare ya kwaya, mdomo nimeufunga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mwalimu wa kwaya alikuwa amempa rafiki yangu Mueni kazi ya kuanzisha nyimbo, kazi niliyoifanya miaka mitatu. Sikumuuliza mtu. Nilitaka wanione tu, wajue nimeumia.

Waliniona kweli. Baada ya mahubiri, mchungaji akasimamisha kanisa zima liombee koo langu. Jioni Mueni akaja nyumbani na ndimu na chupa ya asali, akanisihi nisiongee sana. Nilizipokea bila kumtazama, nikijiambia kwamba sasa ameelewa. Hakuelewa. Harusi yake ilipokaribia, alimchagua msichana mwingine amwimbie. Akaniambia kwa upole, "Wewe pumzisha koo."

Susu, yaani nyanya yangu, alinikuta jikoni nikilia. Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akichagua ndengu, kisha akasema, "Umewaonyesha mambo mengi, lakini hujawaambia hata moja. Nenda umwambie."

Nilienda kwa kina Mueni.

"Koo langu ni zima," nikamwambia. "Niliumia ulipochukua nafasi yangu."

Mueni akashangaa. "Kumbe ni hiyo? Kila baada ya mazoezi ulikuwa unakaa chini, unashusha pumzi. Mwalimu alidhani umechoka, akaniomba nikusaidie."

Niliona aibu. Nilikuwa nikishusha pumzi vile ili mtu aniambie asante. Nikamwambia hata hilo, naye akacheka, nami nikacheka, mpaka mama yake akaja kuuliza kuna nini. Kwenye harusi tuliimba wawili, mimi na yule msichana mwingine, na ilipendeza.

Nakueleza haya kwa sababu juzi ulitoka kwenye grupu ya familia bila neno, na sisi tumebaki kila mtu akikisia lake. Mjomba wako anasema umenunua simu mpya. Dalili ukiitoa, mwenzako ataisoma anavyojua yeye. Kwa hivyo ukiumia, mtafute aliyekuumiza, umwambie kilichokuuma, halafu unyamaze na yeye aseme lake. Usipomsikiza, bado hamjaongea. Hata mimi kuna siku hainijii rahisi.

Mungu akupe ujasiri wa kusema, mwanangu, na akuzungushie watu watakaokaa chini wakusikilize.