Dakika Mbili za Mzee Vipindi

Tulimwita Vipindi, na jina hilo nililipachika mimi, kwa hiyo lawama zote nileteeni mimi. Miaka kumi na tisa tulikaa chumba kimoja, ghorofa ya pili ya taasisi ya mitaala, meza yake ikitazama dirisha na yangu ikitazama mgongo wake. Yeye alikuwa mkuza mitaala wa shule za msingi, mimi mhariri. Yeye alipanga mtoto ajifunze nini, mimi nikahakikisha sentensi zake zina vitenzi. Ukimuuliza amekaa hospitali muda gani, anakujibu, "Vipindi vitatu na mapumziko." Kipindi ni dakika arobaini, na kwake yeye dunia nzima iligawanyika hivyo, hata kuoga.

Watu hudhani mtaala hushuka kutoka mbinguni. Mwalimu anaandika ubaoni "Mada ya Tatu", watoto wananakili, basi. Hawajui kwamba hiyo mada ya tatu ilipiganiwa na watu wazima saba kwa siku mbili, na kwamba mmoja wao alitoka chumbani analia. Mtaala ni jedwali tu. Safu hii umahiri, hii mada, hii shughuli za mtoto, hii vigezo vya upimaji, na safu ya mwisho, ile inayogombanisha watu, idadi ya vipindi. Wiki za mwaka hazivutiki kama mpira. Ukiingiza kitu, kingine kitoke.

Na taasisi yetu ina desturi moja ya zamani. Shughuli haiingii kwenye jedwali mpaka aliyeitunga aijaribu mwenyewe na mtoto wa umri ule, ajaze fomu ya majaribio na atie sahihi. Fomu ni ukurasa mmoja: umri wa mtoto, muda uliotumika, mtoto alifanya nini, maoni ya mjaribishaji. Niseme ukweli, siku hizi wengi wanazijaza kantini, kalamu mkono huu, kikombe cha chai mkono ule. Mtoto wa kubuni ana adabu sana, hakojoi wala halii. Vipindi hakuwahi kubuni mtoto, kwa sababu alikuwa naye nyumbani.

Alikuwa na binti mmoja tu. Mama yake alifariki binti akiwa na miaka saba, na Vipindi akamlea peke yake. Kuhesabu vijiti, kupima maji kwa vikombe, kupanga picha za hadithi, kila somo walilosoma watoto wa nchi nzima lilipita kwanza kwenye meza ya jikoni kwake, baba akiwa ameshika saa. Sisi tulimsifu. Tulisema huyo mtoto ana bahati, anausoma mtaala kabla haujachapwa. Binti akakua, akaolewa mji mwingine, akazaa msichana, na simu zake kwa baba zikawa mbili kwa mwaka.

Vipindi hakulalamika, ila upweke una harufu yake, nami nilikaa nyuma yake nikiinusa. Jumapili alipika chakula cha wiki nzima na kukigawa kwenye makopo matano yenye lebo za siku. Kopo la Ijumaa lilikuwa linanuka, na alilila hivyo hivyo akitazama dirishani. Jioni alikuwa wa mwisho kuondoka, na si kwamba kazi ilimzidi. Siku moja nikamwambia, "Mzee, si uoe?" Akafikiri kwa dhati kabisa, kisha akaniuliza, "Nitamjaribu kwa fomu ipi?" Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka sana.

Ilipobaki miezi mitatu astaafu, alileta mada mpya ya darasa la tano. Aliiita "Swali Langu". Mtoto akae na mzee wa familia yake kipindi kizima, amuulize maswali yake mwenyewe, yasiyo kwenye kitabu, na mzee ayajibu yote. Haruhusiwi kusema "utajua ukikua". Haruhusiwi kusema "maliza kwanza kula". Aliomba vipindi viwili tu kwa mwaka mzima. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akikitaka kitu namna ile. Alinipa rasimu niihariri mara sita, na mara ya sita nilikuta karatasi imelainika kwa kushikwa.

Jopo lilikaa Jumatatu. Mwenyekiti wetu ni mtu mwenye akili, tatizo ni kwamba anajua kuwa anazo. Aliisoma mada akavua miwani.

"Mzee, hapa utapima nini?"

"Napima kama mtoto ameuliza swali ambalo halimo kwenye kiongozi cha mwalimu."

"Swali ambalo halimo kwenye kiongozi utalitungia mtihani vipi?"

"Halitungiwi mtihani. Linajibiwa."

Watu wakacheka. Mtu wa kompyuta, ambaye alikuwa akivitamani vipindi vile viwili waziwazi, akasema kisichopimwa hakifundishwi, huo ndio msingi wa mtaala wa umahiri, sote tulisomeshwa hivyo. Vipindi akajibu kwamba yeye ndiye aliyemsomesha, na kwamba alikosea. Tangu lini mzee huyu anasema amekosea? Mwenyekiti akakuna kidevu, akasema haya, lete fomu ya majaribio Alhamisi, ikiwa na sahihi mada inaingia, ikikosekana vipindi vinakwenda kompyuta. Nadhani alimwonea huruma. Alimfungulia mlango, lililobaki ni sahihi tu.

Jumanne Vipindi alitumia simu ya mezani kumpigia binti yake. Simu ile ni kuukuu na ina makelele, hata ukiziba masikio unasikia pande zote mbili. Mimi sikuziba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu ametimiza miaka kumi, sivyo?"

"Kumi na miezi miwili."

"Namhitaji kwa kipindi kimoja. Nakuja mimi huko, msihangaike."

"Unamhitaji kwa nini?"

"Kuna shughuli ya kujaribu, ya darasa la tano. Ni nzuri, utaona, yeye ndiye anayeuliza..."

"Baba, mimi nilijaribiwa, inatosha. Mwanangu hajaribiwi. Ukitaka kuja kumwona, njoo hata kesho, nitapika. Ukija na fomu, usije."

Mlango ndio huo, jamani, umeachwa wazi na chakula kiko jikoni. Mtu mwingine yeyote angesema nakuja. Vipindi akakaza uso kama anayesahihisha hesabu, akasema, "Lakini bila fomu haihesabiki."

Simu ikakatwa. Binti ndiye aliyekata. Vipindi akabaki na mkono wa simu sikioni, akisikiliza ule mlio, muda mrefu kuliko unavyostahili kusikilizwa. Nilitaka kumtikisa mabega. Badala yake nikajitia kuchonga penseli.

Baadaye nikamwambia, "Mzee, mchukue mwanangu. Ana miaka kumi na moja, na kwa maswali utamkimbia mwenyewe."

"Mada inasema mzee wa familia yake."

"Basi mwambie ni babu yake. Atafurahi, hana babu."

"Mhariri," akasema taratibu, "nitakuwa nimebuni mtoto."

Alhamisi akaingia kwenye jopo mikono mitupu. Mwenyekiti alimsukumia fomu tupu na kalamu yake mwenyewe, akatazama pembeni ili asione. Kila mtu pale alijua maana yake. Vipindi akairudisha kalamu. Akasema, "Haijajaribiwa. Sikupata mtoto."

Kuna waliodhani ni mzaha, wakacheka tena. Vipindi viwili vikaenda kompyuta. Kikao kikaendelea na mada ya udongo.

Kwenye hafla ya kumuaga tulimpa saa ya ukutani. Aliyeichagua zawadi ile sijamjua mpaka leo, na ni heri yake. Alishukuru kwa sentensi mbili, akaibeba saa kwapani, akateremka ngazi. Kabatini aliacha kila kitu, na mimi nikaambiwa nilisafishe kabla mtu mpya hajaja.

Fomu za majaribio zilijaza maboksi mawili. Nilidhani nitazitupa kwa nusu saa. Zilinichukua siku nzima, kwa sababu nilikosea nikasoma ya kwanza. Utoto wote wa yule binti ulikuwa mle, kwa mwandiko safi wa baba yake. Miaka minne, vijiti kumi, dakika saba, mtoto alichoka. Miaka mitano, picha za hadithi, dakika kumi na mbili, mtoto alicheka kwenye picha ya tatu, haijulikani kwa nini. Miaka sita, mtoto aliomba kuacha. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kisha nikaenda kufunga mlango.

Moja ilikuwa na tarehe ya wiki tatu baada ya msiba. Siku ya msiba ule naijua kwa sababu kila mwaka aliomba ruhusa siku hiyo hiyo. Umri wa mtoto, miaka saba. Mada, "Familia Yangu". Muda uliopangwa, dakika ishirini. Muda uliotumika, ishirini na mbili. Na kwenye maoni ya mjaribishaji aliandika hivi: *Mtoto aliuliza mama atarudi lini. Swali halimo kwenye kiongozi. Nilirudi kwenye somo. Dakika mbili zilipotea.*

Niliisoma nikakaa. Nilikuwa na hasira naye, sitaficha, ningempata pale ningemzaba kofi mzee wa watu. Halafu nikaikumbuka ile rasimu iliyolainika kwa kushikwa, nikalia. Kuuliza si ujinga, tumewaandikia watoto kwenye jalada la nyuma la kila kitabu. Kujibu hatukuwaandikia wazazi mahali popote.

Nikampigia. Nilimwambia tu kuna karatasi yako moja, siwezi kuitupa. Akafika kabla ya kipindi kimoja kuisha, shati limepigwa pasi, mtu aliyekuwa hana pa kwenda. Nikampa. Hakuisoma.

"Nilijua ipo," akasema. "Kila nikifungua kabati nilijua iko boksi la chini."

"Sasa?"

Alisimama katikati ya chumba, hana tena kiti pale. Kisha akaja kwenye meza yangu, akageuza simu upande wake, akabonyeza namba aliyoihifadhi kichwani.

"Baba? Shikamoo. Kuna nini?"

"Usikate, mwanangu. Sina fomu." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshuka ngazi gizani. "Kuna swali uliniuliza ukiwa na miaka saba. Tuko mezani jikoni. Uliniuliza mama atarudi lini, mimi nikakwambia tuendelee na picha."

Akaegemea meza yangu kwa mkono mmoja.

"Harudi, mwanangu. Nilijua tangu siku ile kwamba harudi. Nilishindwa kukwambia kwa sababu ningelia mbele yako, na sikujua nikishalia tutaendeleaje. Hilo ndilo jibu. Nimelichelewesha."

Nikachukua pochi yangu nikatoka. Mimi ni mmbeya, lakini umbeya nao una mpaka. Nilishuka mpaka uani, nikahesabu magari yaliyoegeshwa, nikaongea na mlinzi habari za mguu wake, nikarudi juu pole pole. Kwa saa ya koridoni zilikuwa zimepita dakika arobaini na tano.

Vipindi alikuwa amekaa kwenye kiti changu, mkono wa simu sikioni, kimya. Saa yake ya mkononi ameivua, iko juu ya ile karatasi, kioo kimetazama chini.

"Amekata?" nikamuuliza kwa midomo tu.

Akatikisa kichwa. Akaziba simu kwa kiganja, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Hajasema neno mpaka sasa," akaninong'oneza. "Ila hajakata."