Mikono Iliyokuja Kunipa Pole

Nakumbuka alasiri moja enzi za Mwingereza, mwanangu, nimelazwa hospitalini Lindi na kutulia siwezi. Mlango ukilia, najiinua nione nani anaingia. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeolewa kijijini Kiswere. Gamba la chaza lilinikata wayo nikiokota pwani, na jeraha likaoza. Daktari alisema wazi: uozo ukipita kifundo, mguu utakatwa. Basi kutwa nilikuwa naipapasa bandeji, nainusa, namuuliza kila apitaye kama uvimbe umepanda.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa Mama Paulina, Mmakonde mtu mzima, mcheshi. Hakuna aliyegusa kidonda chake kabla yeye hajamuuliza kwa upole kama amenawa, hata dresa, yule mfunga vidonda. Wengine walisema anaringa.

Siku hiyo akaingia shangazi yangu aliyenilea. Unajua adabu yetu: anayekuja kutazama mgonjwa haendi moja kwa moja kwa mtu wake. Hupita kitanda kwa kitanda akitoa mkono na pole. Karibu na mlango alilala mwanamke ambaye jipu lake lilikuwa limepasuka. Shangazi, kwa huruma zake, akamfuta usaha kwa ncha ya kanga. Kisha akaja kwangu, akaketi kitandani, na mkono ule ule ukaelekea kwenye bandeji.

"Hebu nione, mama."

Nimwambieje mkubwa wangu kwamba mikono yake michafu? Mama Paulina akaninong'oneza, "Mguu ni wako, binti. Yeye ataondoka hapa na yake miwili."

Nikamshika shangazi kiwiko. "Shangazi, ukitaka kuniombea dua si hutia udhu kwanza? Basi nawa, kisha unishike. Na jeraha tumwachie dresa alifungue."

Nikaona midomo inamcheza, nikajua ameumia. Akauliza kama mikono iliyoniogesha utotoni leo imekuwa najisi. Nikamwambia hapana, ila naogopa kurudi Kiswere nikitembelea gongo. Hapo akainuka, akaenda bombani na kipande cha sabuni ya mche, akakawia huko hadi nikadhani ameondoka.

Aliporudi mikono inachuruzika maji, hakuketi tena kitandani. Alisimama mlangoni, na kila mgeni aliyeingia akamrudisha bombani. Dresa naye alipokuja na sinia lake, shangazi akamuuliza, "Na wewe, baba, umenawa?" Mama Paulina alicheka hadi akashika mbavu. Dresa akacheka pia, akaenda kunawa.

Uvimbe haukupita kifundo. Mguu ninaoukunja hapa ni ule ule.

Kwa hiyo, mwanangu, huko hospitalini unakokwenda kulazwa usione haya. Anayetaka kukugusa, awe daktari au mama yako, muulize kwa heshima kama amenawa. Aliye mwema hatachukia. Nawe nawa kabla ya kula na utokapo chooni. Bandeji usiifunue kuwaonyesha wageni. Ikilowa au ikilegea, sema mapema. Kikombe na taulo viwe vyako peke yako. Mwenye mafua akupe pole akiwa nyumbani kwake. Na woga utakuwepo, mimi ulinikosesha hata usingizi. Lakini mwenye woga pia ana mdomo wa kuuliza.

Mungu akuingize huko kwa miguu yako, akutoe kwa miguu yako, na kila mkono utakaokugusa uwe safi na wenye heri.